Kujileta Mwenyewe

Nilikuwa nikishughulikia mambo ya wafanyakazi katika kampuni ya malori ya mafuta. Yadi yetu ilikuwa nyuma ya karakana za vyuma za Katwe, mahali ambapo mtu huzoea kusema kwa sauti ya juu kwa sababu nyundo hazinyamazi. Malori yalipokea mafuta mpakani Malaba, yakayaleta Kampala, na mengine yakapitiliza hadi magharibi, karibu na Kongo. Madereva walitoka kila upande, kwa hiyo lugha ya yadi ilikuwa Kiswahili, na nadhani hicho ndicho kilichonipatia kazi. Sisi ni watu wa Mengo, hapahapa Kampala, lakini wazee wetu walikuja na biashara kutoka pwani, na bibi yangu hakumruhusu mtoto avunje ngeli mbele yake hata kama anaomba maji.

Nitakayoyasimulia yalitokea kwa watu ninaowajua na wengi wao bado wapo. Yule yanayemhusu zaidi amenikubalia niyaandike, mradi nisimtaje jina. Nimeona haki ni kutomtaja yeyote.

Mwenye kampuni tulimwita Hajji. Siku moja aliniita ofisini kwake, akanikuta mlangoni na uso wa mtu aliyepokea habari za msiba. Kampuni ya mafuta iliyotupa kazi nyingi kuliko nyingine zote ilikuwa inatuma wakaguzi. Walitaka kuona mpango wetu wa kuwapima wafanyakazi pombe na dawa za kulevya.

“Mpango tunao?” aliniuliza.

“Tunao, Hajji. Uko kabatini.”

Kweli ulikuwa kabatini. Kanuni zenyewe tulizinunua kwa mshauri mmoja, na aliyeziandika aliziazima mahali pengine bila hata kuzisoma, maana katikati zilikuwa zinawakataza nahodha na mabaharia kulewa wakiwa zamu. Mashine ya kupuliza nayo tulikuwa nayo. Madereva waliiita kawunyemu, jina ambalo Kampala nzima huwaita nalo askari wa barabarani wanaonusa pumzi za madereva. Yetu ilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki.

Hajji akamtafuta muuguzi. Aliyekuja alikuwa mama mtu mzima, mrefu, mweusi wa kung'aa, aliyestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi katika zahanati ya kambi ya polisi. Baba yake alikuwa askari kutoka kaskazini, na yeye alizaliwa na kulelewa kambini, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha amri fupi. Sote tulimwita Musawo, kama watu wa hapa wanavyomwita mganga yeyote wa hospitali. Nilikuwa nimemwandalia chai na mafaili. Hakugusa chochote.

“Nionyesheni choo,” alisema.

Tukampeleka. Alisimama katikati ya kile choo kama mtu anayetaka kukinunua. Akatazama dirisha, akapima upana wake kwa mkono.

“Chupa inapita hapa. Mtu mmoja nje, mmoja ndani, mkojo unabadilishana wenyewe. Weka wavu. Bomba la kunawia litoke, likae nje ya mlango. Na kwenye tangi la choo tutatia rangi ya buluu, ili mtu asichote maji akatuletea.”

“Madereva wangu hawawezi kufanya hivyo,” Hajji alisema.

“Wanaweza, Hajji. Hata mimi naweza. Mtu anayeogopa kufukuzwa anaweza mambo mengi.” Kisha akageuka kwangu. “Na mlango uwe na komeo zuri. Tunamwomba mtu mzima akojoe ndani ya kikombe. Asiingiliwe.”

Nilianza kumpenda siku hiyo. Katika wiki zilizofuata nilimwona akirudia jambo lile lile kila mahali: anaziba tundu la udanganyifu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anamstahi yule anayepimwa. Vikombe vilikuwa na mifuniko isiyofunguka kirahisi, na dereva mwenyewe ndiye aliyetia sahihi juu ya karatasi ya kufungia. Chumba cha kupimia kilikuwa stoo ya matairi. Alikipaka rangi, akaweka pazia, akaweka viti viwili vinavyolingana. Nilipomwuliza kwa nini vilingane, aliniambia hataki mtu aketi chini yake kama mshtakiwa.

Mashine aliituma ikakaguliwe kama inapima sawasawa. Iliporudi aliwakusanya madereva uani, akapuliza mwenyewe kwanza, akawaonyesha sifuri. Akanipa mimi. Kisha akamnyooshea Hajji.

“Mimi?” Hajji alishtuka. “Musawo, mimi sijaonja pombe tangu nizaliwe.”

“Ndiyo sababu huna haja ya kuogopa.”

Madereva wakacheka hadi mafundi wa karakana ya jirani wakachungulia juu ya ukuta. Hajji alishika kofia yake, akainama, akapuliza mpaka mashavu yakavimba. Baada ya hapo hakuna dereva aliyeweza kusema kwamba kawunyemu ni ya watu wadogo.

Kazi yangu mimi ilikuwa kanuni. Niliwafuta mabaharia wote, nikaziandika upya kwa Kiswahili ambacho dereva angekielewa akiwa na njaa. Mchana, madereva wakila kwenye kibanda cha chakula, niliwasomea kipande kwa kipande, na Musawo alikaa nami kujibu maswali. Wengi waliuliza habari za mairungi, yale majani wanayotafuna ili usingizi usiwakamate njiani. Wengine waliuliza dawa ya kikohozi. Lakini mjadala mkubwa ulizuka kwenye kifungu kilichosema kwamba mfanyakazi mwenye tatizo la ulevi, akija mwenyewe kabla ya kuitwa kupimwa, hatafukuzwa bali atapelekwa kutibiwa, na kazi yake itamsubiri. Nilikuwa nimehangaika kupata maneno yake. Mwishowe niliandika “kujileta mwenyewe”.

“Huyo aliyejileta,” aliuliza Mkenya mmoja huku akimega posho, yaani ugali wa hapa, “kesho yake yuko kazini au yuko nyumbani?”

“Yuko hospitali,” Musawo alijibu. “Akipona, anarudi.”

“Kweli?”

“Imeandikwa.”

“Mambo mengi yameandikwa, Musawo.”

Wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa kifupi. Nyuma yao, akiegemea nguzo ya kibanda, alikuwapo dereva tuliyemwita Afande. Hakucheka, wala hakuuliza kitu.

Afande alikuwa dereva bora katika yadi. Aliendesha malori ya jeshi ujanani, na hata kwenye tope la msimu wa mvua lori lake lilirudi bila mkwaruzo. Yeye ndiye aliyewafundisha madereva wapya, nao walimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile. Shati lake lilipigwa pasi kila siku. Hajji alikwisha kuamua kwamba wakaguzi wakija na kutaka kuona dereva akipimwa, atatolewa Afande.

Ukaguzi ulipokaribia, alasiri moja nilikuwa na Musawo kwenye kile chumba kilichokuwa stoo, tukibandika maelekezo ukutani. Afande alipiga hodi, akaingia, akabaki amesimama wima.

“Musawo, mimi iko na neno.”

Nilitaka kutoka. Alinizuia kwa kiganja. “Wewe baki, mama. Wewe ndiye uliandika.”

Musawo alimwonyesha kiti. Hakuketi.

“Ile ya kujileta,” alisema. “Nimejileta.”

Nakumbuka gundi ilikuwa inakauka kwenye vidole vyangu. Afande akaendelea, macho yakiwa ukutani, kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti kwa mkubwa wake. Alikunywa waragi, ile pombe kali ya hapa. Alianza zamani, na wenzake, baada ya kazi. Kisha peke yake, huko Kamwokya alikopanga, kwenye baa ambayo muziki wake humzuia mtu kujisikia. Siku hizi alikunywa kila siku asiyokuwa safarini. Akijua kesho ni safari, aliacha mchana wa jana yake, na asubuhi mikono ilimtetemeka hadi aibane kwenye usukani.

“Kawunyemu inaona pombe,” alisema. “Kutetemeka haioni.”

“Na barabarani?” Musawo aliuliza taratibu.

“Zamani ungeniuliza, ningesema hapana. Sasa siwezi tena kusema hapana.”

“Kwa nini umekuja leo?”

Hapo ndipo alipoketi, na alipoketi akaonekana mzee.

“Hajji amenichagua nipulize mbele ya wageni. Nitapita, Musawo. Mimi najua kupita. Nitapita, watanipigia makofi, halafu nitapewa lori limejaa petroli.” Akaitazama mikono yake. “Hiyo ndiyo inanitia woga.”

Nimefanya kazi na watu kwa miaka mingi, na nimewaona wakikiri makosa baada ya kukamatwa, wengine wakilia na wengine wakiapa kwa watoto wao. Sikuwa nimemwona mtu anayejua hatakamatwa akija kwa miguu yake mwenyewe. Nilitamani kumwambia neno la heshima, lakini kila neno nililolitafuta lilikuwa dogo.

Musawo hakumsifu wala hakumlaumu. Alisogeza kiti chake, magoti yao yakakaribia, akamwuliza alikunywa lini mara ya mwisho, anakula nini, analala vipi, kama amewahi kuanguka kifafa akikosa pombe. Kisha akasema, “Usiache leo ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea ukinyimwa ghafla unaweza kukuua. Twende hospitali, mimi na wewe, sasa hivi. Sawa?”

“Sawa.”

“Afande, nipe ufunguo wa lori.”

Aliutoa mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Musawo kwa mikono miwili, kama wanavyotoa kitu kwa mkubwa. Wakatoka pamoja, wakapita katikati ya ua, yeye na shati lake la pasi. Madereva waliokuwa wakiosha malori waliwatazama mpaka getini.

Nilibaki na kazi ya kumwambia Hajji. Alinisikiliza, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

“Mpe likizo,” alisema. “Andika mama yake mgonjwa. Wakaguzi wakishaondoka, tutaongea.”

Nilimwambia kwamba kanuni haisemi hivyo. Akanijibu kwa ukali, jambo ambalo si desturi yake, kwamba kanuni hailishi familia za madereva, mkataba ndio unaolisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Musawo aliporudi jioni hiyo aliingia moja kwa moja bila kuketi.

“Amelazwa,” alisema. “Ametulia.”

“Alhamdulillahi. Sasa jambo hili libaki kati yetu watatu,” Hajji alisema. “Yuko likizo.”

“Jina lake litabaki kati yetu. Lakini kujileta kwake hakutafichwa. Hajji, yadi nzima imemwona akitoka nami. Wanangoja kuona utamfanya nini. Ukisema uongo juu yake, mwingine aliye kama yeye hatakuja kwangu kamwe. Ataendelea kupita.”

“Na wakaguzi wakisema tuna walevi?”

“Kampuni yenye madereva wote hawa inayosema haina hata mlevi mmoja, mkaguzi gani ataiamini?”

Adhana ya magharibi ilisikika, Hajji akaondoka kwenda msikitini. Siku iliyofuata alinikuta langoni, akaniambia nipande garini. Sikumwuliza tunakwenda wapi, maana kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mfuko wa machungwa na ndizi.

Afande alikuwa ameketi kitandani, amevaa nguo za hospitali, hajanyoa. Alitaka kusimama, Hajji akamzuia begani. Walisalimiana kwa muda mrefu, wakaulizana habari za nyumbani kana kwamba wamekutana sokoni. Kisha Hajji, ambaye nilijua anaiona pombe kuwa dhambi tu na basi, akauliza swali ambalo sikulitarajia.

“Nieleze. Inakuwaje? Mimi sijui.”

Afande alifikiri. Alikuwa Mkristo, lakini alikaa kambini na Waislamu miaka mingi.

“Hajji, unafunga Ramadhani. Saa kumi jioni, kiu imekukamata, unajiambia jua litazama. Si ndiyo?”

“Ndiyo.”

“Hii ni kama kufunga siku ambayo jua haliendi kuzama.”

Hajji akachukua chungwa, akaanza kulimenya kwa vidole, akampa Afande vipande kimoja kimoja, naye akavipokea. Walikula chungwa lote hivyo. Njiani kurudi, kwenye foleni, Hajji alisema bila kunitazama, “Usiandike mama yake mgonjwa.” Nilimwambia sikuwa nimeandika.

Mkaguzi mkuu alikuwa mwanamke kutoka Nairobi, mwembamba, mwenye viatu vizito vya kazi na macho yasiyopitwa na kitu. Naye pia alitaka kuona choo kwanza, na nilimwona Musawo akibana tabasamu. Akachungulia wavu wa dirishani, akafungua tangi, akaona buluu. Akaomba apimwe dereva mbele yake. Akachagua mwenyewe, bila kutuuliza. Akakagua vikombe, karatasi za kufungia, na safari ya kila kikombe kutoka mkononi mwa dereva hadi maabara. Alitukuta na makosa pia. Vipimo vyetu vyote tulivifanya asubuhi, kwa hiyo dereva yeyote mwerevu angejua wakati wa kujihadhari. Wasimamizi wa zamu hawakufundishwa kutambua mtu aliyelewa. Aliyasema waziwazi, nasi tukayaandika.

Kisha akatoka uani, akawafuata madereva waliokuwa kivulini, akazungumza nao kwa Kiswahili.

“Kuna mtu hapa amewahi kujileta mwenyewe?”

Nyundo za Katwe zikaendelea. Hajji alikuwa kando yangu, na nilisikia pumzi yake. Madereva walitazamana. Yule Mkenya aliyetudhihaki kwenye kibanda akasimama, akajipangusa suruali.

“Yuko,” alisema.

“Ni nani?”

“Hilo jina si la kwangu, madam. Sina ruhusa ya kukupa.”

Mkaguzi akawatazama wengine. Kila mmoja wao alijua. Walikuwa watu wa maneno mengi, watu wanaoweza kueneza habari ya ajali ya Malaba hadi mpaka wa Kongo kabla ya redio, na siku hiyo walifunga midomo kwa ajili ya mwenzao bila mtu yeyote kuwapanga.

Mkaguzi akamgeukia Musawo. “Lakini wewe utanionyesha faili.”

“Nitakuonyesha tulichofanya,” Musawo alisema. “Alivyopokewa, alivyokabidhi ufunguo saa ileile, alikopelekwa, atakavyopimwa kabla ya kurudi. Jina nimelifunika. Hilo halitafunuliwa.”

“Nina idhini ya kuona kumbukumbu zote.”

“Una idhini ya kuona kama mpango unafanya kazi. Mtu huyu hakuja kwako, mama. Alikuja kwangu.”

Walitazamana, wanawake wawili wa rika moja, kila mmoja akiwa amezoea kutii amri na kutoa amri. Nilidhani mambo yameharibika. Mkaguzi akakaa kwenye kimojawapo cha vile viti viwili, akasoma zile karatasi zilizofunikwa jina mstari kwa mstari. Alipomaliza akauliza nani atamlipia matibabu na mshahara wake atapewa nani. Hajji akajibu kabla yetu sote: matibabu ni kampuni, na mshahara ni mke wake. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akafungua ukurasa mwingine.

Mkataba haukukatwa. Tulipewa muda wa kurekebisha yale makosa, tukayarekebisha, na wakaguzi walirudi kuyaona. Tangu hapo vipimo vyetu hufanywa saa yoyote, hata Jumapili.

Afande alirudi baada ya miezi kadhaa, akiwa amenenepa kidogo. Musawo na daktari hawakumruhusu kushika lori la mafuta, naye hakulidai. Hajji alimpa kazi ya kuwafundisha madereva wapya ndani ya yadi. Sitasema kwamba ilikuwa njia iliyonyooka. Mara moja alianguka, akanywa wakati wa sherehe ya ndugu yake, na kesho yake akaja mwenyewe kabla ya jua kupanda, akamsubiri Musawo kwenye ngazi. Wakaanza upya. Wawili wengine nao wamejileta tangu wakati ule, mmoja kwa waragi na mmoja kwa mairungi, na mimi sijui kama wangekuja bila yeye. Nadhani wasingekuja.

Mke wa Afande nilimwona mara moja tu. Alikuja getini siku ya kazi, mama wa Kiacholi mwenye kitenge cha kijani, akamwulizia Musawo. Sikusikia waliyozungumza, walizungumza Kiacholi, lugha ya huko kaskazini, na walizungumza kidogo. Alipoondoka, Musawo aliingia ofisini kwangu na kopo alilopewa na mama yule, la simsim, yaani ufuta, iliyosagwa pamoja na karanga, nzito, bado ina uvuguvugu. Alitafuta kijiko, akakosa, akatoa kipande cha mkate kwenye droo yangu bila kuniomba, akakichovya.

“Kula,” aliniambia. “Hii haiuzwi.”